Nyota wa kikapu hawaokotwi: Somo la China na Sudan Kusini kwa vijana wa Same

ALFAJIRI ya Juni 26, 2025, wakati mji wa Same ulipokuwa ungali umelala chini ya Milima ya Upare, majina mawili yalisomwa katika ukumbi mmoja mjini New York, Marekani, ambako Ligi ya Mpira wa Kikapu ya nchi hiyo (NBA) ilikuwa ikifanya uteuzi wake wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi.

La kwanza, katika nafasi ya 10, lilikuwa la Khaman Maluach, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, na kukulia Kawempe, jijini Kampala, Uganda. La pili, katika nafasi ya 16, lilikuwa la Yang Hansen wa China ambaye, kwa saa za Beijing, alikuwa akitimiza miaka 20 siku hiyo hiyo.

Wote wawili wana urefu unaozidi mita 2.10 na wote hucheza nafasi ya kati, karibu na kikapu. Lakini njia zilizowafikisha katika ukumbi ule ni tofauti kama mlima na bonde. Mmoja alilelewa ndani ya mfumo wa taifa ambalo kwa miongo mingi limekuwa likitafuta watoto warefu na kuwafundisha mapema. Mwingine aliushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 13 hivi, akiishi ugenini.

Miezi mitatu na ushei baadaye, Oktoba 10 na 12, 2025, klabu iliyompata Maluach, Phoenix Suns, ilisafiri hadi Macao, China, kucheza mechi mbili za maandalizi dhidi ya Brooklyn Nets. Macao iko mbele ya Tanzania kwa saa 5, hivyo mechi ya jioni huko huonekana huku mchana au alasiri. Kwa mshabiki wa Afrika Mashariki aliyezoea kukesha hadi karibu na alfajiri ili aione NBA, hiyo ni nafuu kubwa.

Kila zinapochezwa mechi za namna hiyo, mashabiki hurejea kwenye mjadala uleule. Wapo wanaosema mechi za kirafiki ni maonyesho ya biashara tu, hazina pointi wala kombe. Wapo wanaosema ndiyo nafasi pekee ya kumpima kinda ambaye bado hajaaminiwa na kocha wake. Na wapo wanaouliza swali zito zaidi: kwa nini China hupata vijana wa kuwazungumzia kila baada ya miaka michache, ilhali Tanzania, yenye vijana warefu wa kutosha, imempeleka mmoja tu katika ligi hiyo?

Jibu la swali hilo linagusa maeneo kama Same kuliko inavyodhaniwa.

Mechi zisizo na pointi, zenye uzito

Mechi ya kirafiki ya kimataifa katika mpira wa kikapu ina historia ndefu. Mwaka 1979, miezi michache baada ya Marekani na China kurejesha uhusiano rasmi wa kibalozi, klabu ya Washington Bullets ilizuru China na kucheza na timu za nchi hiyo. Ilikuwa klabu ya kwanza ya NBA kufanya hivyo. Wakati huo hakuna Mchina aliyekuwa akicheza katika ligi hiyo, na wengi hawakudhani angepatikana.

Robo karne baadaye, Oktoba 2004, Houston Rockets na Sacramento Kings walikwenda Shanghai na Beijing. Safari hii mchezaji aliyeshangiliwa kuliko wote alikuwa mwenyeji. Yao Ming, mzaliwa wa Shanghai mwenye urefu wa mita 2.29, alikuwa amerudi nyumbani akiwa nyota wa Houston, baada ya kuteuliwa wa kwanza katika uteuzi wa mwaka 2002.

Mechi hizo ziliendelea kwa miaka mingi hadi Oktoba 2019, zilipoingia katika mzozo wa kisiasa. Kiongozi mmoja wa Houston aliandika mtandaoni maneno ya kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong, na televisheni ya taifa ya China ikaacha kuonyesha mechi za maandalizi zilizokuwa zikichezwa nchini humo. Baada ya hapo ikapita miaka 6 bila NBA kucheza katika ardhi ya China, hadi safari ya Macao ya mwaka 2025.

Afrika nayo imeonja. Agosti 2015, Johannesburg ilipokea mechi ya kwanza ya maonyesho ya NBA katika bara hili, kati ya Timu ya Afrika na Timu ya Dunia. Dunia ilishinda kwa pointi 101 dhidi ya 97, na wakongwe Hakeem Olajuwon wa Nigeria na Dikembe Mutombo wa Kongo waliingia uwanjani kwa dakika chache, wakashangiliwa na ukumbi mzima. Mechi nyingine zilifuata Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018.

Lakini mechi ya kirafiki iliyowanyamazisha wenye kudharau mechi za kirafiki ilichezwa London, Julai 20, 2024. Marekani, ikiwa na LeBron James, Stephen Curry na nyota wengine, ilikutana na Sudan Kusini kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Hadi mapumziko Sudan Kusini ilikuwa mbele kwa pointi 58 dhidi ya 42. Marekani iliponea chupuchupu kwa pointi 101 dhidi ya 100, na kikapu cha ushindi kilifungwa na James zikiwa zimebaki sekunde 8.

Mechi hiyo haikuwa na kombe. Hata hivyo, nchi changa iliyopata uhuru mwaka 2011 na kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 ilitambulika usiku mmoja mbele ya dunia. Hiyo ndiyo thamani ya mechi za namna hii. Huonyesha mavuno hadharani, ila mavuno hayo hutegemea kilichopandwa miaka mingi kabla ya siku ya maonyesho.

China ilivyopanda

Wachina hawakumpata Yao Ming kwa bahati. Baba yake na mama yake wote walikuwa wachezaji wa mpira wa kikapu, na mama aliwahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake. Akiwa na umri wa miaka 9, mtoto huyo alikuwa tayari katika shule ya michezo. Alipoteuliwa na Houston akiwa na miaka 21, alikuwa na zaidi ya miaka 10 ya mafunzo na misimu ya mechi za ushindani akiwa na Shanghai Sharks.

Mfumo uliomlea ulijengwa kwa kufuata mfano wa Muungano wa Kisovieti. Watoto walipimwa urefu, wataalamu wakakadiria watafikia kimo gani wakikua, na walioonekana kufaa wakapelekwa katika shule za michezo, ambako mazoezi yalichukua sehemu kubwa ya siku.

Matunda yalionekana. Wang Zhizhi alikuwa Mchina wa kwanza kucheza NBA, mwaka 2001. Mengke Bateer alitwaa ubingwa akiwa na San Antonio Spurs mwaka 2003. Yi Jianlian aliteuliwa wa 6 mwaka 2007. Zhou Qi alifuata mwaka 2016, na mwaka 2024 Cui Yongxi akapata mkataba Brooklyn kabla ya kuumia goti. Sasa ni zamu ya Yang Hansen, aliyetokea klabu ya Qingdao na ambaye mashabiki humsifu kwa jicho la kutoa pasi, sifa isiyo ya kawaida kwa mtu wa kimo chake.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuusifu mfumo huo bila kuutazama upande wa pili. Mtoto aliyechaguliwa kwa kipimo cha mifupa huenda hakuulizwa kama anaupenda mchezo. Yao mwenyewe alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 30, baada ya majeraha ya miguu kumwandama. Timu ya taifa ya wanaume ya China haikufuzu Olimpiki ya Tokyo wala ya Paris.

Na Agosti 28, 2023, katika Kombe la Dunia nchini Ufilipino, China ilifungwa pointi 89 kwa 69. Aliyeifunga alikuwa nani? Sudan Kusini hiyo hiyo, iliyokuwa ikishiriki kombe hilo kwa mara ya kwanza. Katika kikosi chake alikuwamo Maluach, akiwa bado na miaka 16.

Basi mpango pekee hautoshi, kama ambavyo kipaji pekee hakitoshi. Ili kuelewa kinachokosekana pale kipaji kinapoachwa peke yake, hakuna mfano ulio karibu na Watanzania kuliko wa Hasheem Thabeet.

Mtanzania aliyechelewa kuanza

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Hakugusa mpira wa kikapu kwa dhati hadi alipofika miaka 15. Alicheza akiwa mwanafunzi wa Makongo, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma Texas, Marekani, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alikuwa ukuta. Mara mbili, mwaka 2008 na 2009, alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo aliyokuwa akicheza.

Juni 2009, Memphis Grizzlies ilimteua katika nafasi ya 2 kwa nchi nzima. Nyuma yake waliachwa James Harden, aliyekuwa wa 3, na Stephen Curry, aliyekuwa wa 7. Kwa mara ya kwanza mzaliwa wa Tanzania aliingia NBA, tena akiwa na urefu wa mita 2.21.

Kilichofuata kinajulikana kwa mashabiki wote. Msimu wake wa kwanza haukwisha kabla ya kupelekwa katika ligi ya daraja la chini ili apate dakika za kucheza. Alihamia Houston Rockets Februari 2011, kisha Portland Trail Blazers mwaka 2012, kisha Oklahoma City Thunder, ambako alikaa hadi mwaka 2014. Baada ya hapo aliendelea kulipenda kabumbu la mikono huko Japani na Taiwani. Katika miaka yake yote NBA, wastani wake ulikuwa kama pointi 2 kwa mechi.

Wapo waliomlaumu kwa uvivu na wapo waliowalaumu makocha. Lakini hesabu ya miaka inaeleza mengi. Mchezaji anayezuia mitupo kwa urefu wake anaweza kung'aa akiwa na miaka 20 dhidi ya vijana wenzake. Dhidi ya watu wazima wenye nguvu, urefu huo unahitaji kusaidiwa na mambo yanayojengwa utotoni: namna ya kuweka miguu, kuupokea mpira katika msongamano, kutambua pasi itakwenda wapi kabla haijatoka mkononi. Yao alikuwa amejifunza hayo tangu darasa la tatu au la nne. Thabeet alianza kujifunza akiwa katika umri wa sekondari.

Kuna sadfa moja ambayo mashabiki wa takwimu hupenda kuitaja. Thabeet alipofika Houston mwaka 2011, Yao alikuwa bado mchezaji wa klabu hiyo, ingawa majeruhi, na alistaafu Julai ya mwaka huo huo. Mwaka 2025, Yang Hansen aliteuliwa kwa nafasi iliyokuwa ya Memphis, kisha akahamishiwa Portland usiku uleule. Klabu tatu za mwanzo za Mtanzania huyo zote zimegusana na historia ya Wachina. Milango aliyopita ni ileile. Tofauti ni maandalizi kabla ya kuifikia.

Miaka michache iliyojaa

Msomaji makini atauliza: kama kuanza mapema ndiyo siri, mbona Maluach, aliyeanza akiwa na miaka 13 hivi, aliteuliwa mbele ya Yang?

Ndipo ulipo ufafanuzi muhimu. Kinachohesabika si umri wa kuanza peke yake, bali namna miaka inayofuata inavyojazwa. Baada ya muda mfupi wa kucheza Kampala, Maluach alichukuliwa na kituo cha NBA cha kukuza vipaji kilichopo Saly, Senegal, kilichoanzishwa mwaka 2017. Huko alipata makocha, lishe, masomo na mechi. Akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoanza Kigali mwaka 2021, dhidi ya watu wazima. Akacheza Kombe la Dunia, Olimpiki, na mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke. Miaka yake ilikuwa michache, lakini ilijaa.

Nyuma yake kuna shirikisho lililoongozwa na Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA mzaliwa wa Sudan Kusini, aliyeanza kazi hiyo mwaka 2019 akitumia jina lake na fedha zake kuwakusanya vijana waliotawanyika duniani kote. Nchi yenyewe ilikwenda Olimpiki ikiwa haina hata ukumbi mmoja wa ndani wa kuchezea.

Kwa Maluach na Yang bado ni mapema mno kutoa hukumu. Thabeet alipoteuliwa wa 2 alisifiwa kuliko wao, na sifa hazikumlinda. Lakini mmoja ameletwa na mpango wa taifa na mwingine na mkono uliomfikia kwa wakati. Kipaji kilichoachwa kijitafutie njia hufika kikiwa kimechelewa.

Same na tambarare chache

Same ni wilaya ya Mkoa wa Kilimanjaro iliyogawanyika kwa maumbile. Mji upo chini, kwenye tambarare kavu kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Juu yake inasimama Milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kina urefu wa mita 2,462. Huko juu kuna vijiji vya kijani, mvua, migomba, tangawizi na shule nyingi, kwa kuwa Wapare ni watu waliolipa gharama kubwa kusomesha watoto wao.

Kisichopatikana kwa wingi huko juu ni ardhi bapa. Kiwanja kamili cha soka, kwa vipimo vya kimataifa, kina mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Kukipata mlimani kunahitaji kuchonga upande mmoja na kujaza mwingine, na mvua za masika huja kudai udongo wake.

Uwanja wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Ndani ya kiwanja kimoja cha soka vingeingia viwanja 17 vya kikapu kwa hesabu ya eneo. Aina mpya ya mchezo huo, ya wachezaji 3 kwa 3, iliyoingia Olimpiki ya Tokyo, hutumia kikapu kimoja na eneo la mita 15 kwa 11 tu. Kwa maneno mengine, kati ya michezo mikubwa ya mpira, huu ni miongoni mwa inayostahili zaidi kuchezwa mlimani.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa michezo wanalijua lakini halizungumzwi sana. Uwanja wa netiboli, ambao ni wa kawaida katika shule za Tanzania, una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Pete yake huwekwa mita 3.05 kutoka ardhini. Pete ya mpira wa kikapu nayo huwekwa mita 3.05. Shule yenye uwanja wa netiboli wenye vipimo kamili tayari ina nafasi inayotosha kwa kikapu.

Kinachokosekana ni vitu viwili: ubao nyuma ya pete, na sakafu ngumu. Katika netiboli mchezaji hadundishi mpira, hivyo vumbi na nyasi havimzuii. Katika kikapu, kudundisha ndiyo roho ya mchezo, na mpira hauwezi kurudi mkononi kwa uhakika ukigonga ardhi yenye mashimo. Sakafu ya zege ya mita 15 kwa 11, yenye unene wa sentimita 10, huhitaji zege la mita za ujazo 16.5. Si kitu kidogo kwa shule ya kijijini, lakini si ukumbi wa kifahari.

Upareni kuna neno la kale, msaragambo, maana yake kazi ya pamoja inayofanywa na kijiji kizima kwa manufaa ya wote. Kwa mikono ya namna hiyo zilichimbwa na kutunzwa ndiva, mabwawa ya asili ya kukusanya maji ya kumwagilia mashamba, na kwa moyo huohuo zilijengwa barabara na madarasa. Jamii iliyojua kusawazisha mteremko ili maji yasimame haishindwi kusawazisha kipande ambacho watoto watachezea.

Mwalimu na ratiba

Sakafu bila mwalimu, hata hivyo, ni uwanja wa kuanikia mahindi. Katika mfumo wa Tanzania, ngazi ya kuinua vipaji vya shule ni mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambayo hupanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Wanafunzi wengi hukutana na mpira wa kikapu wakiwa sekondari, kwenye umri wa miaka 14 hivi. Ni umri uleule, au karibu nao, ambao Thabeet alianza.

Taifa limewahi kuona gharama ya kuvunja ngazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisitisha mashindano ya shule, na yakarejeshwa baada ya Serikali ya Awamu ya Nne kuingia madarakani. Kwa mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati huo, miaka iliyopotea haikurudi.

Hata sasa, mtoto wa Same mwenye kipaji cha kikapu hukabiliwa na umbali. Moshi iko zaidi ya kilomita 100, na Dar es Salaam, yenye klabu na ligi za uhakika zaidi, zaidi ya kilomita 400. Akiwa na bahati ataonekana siku moja katika mashindano ya mkoa, akiwa na miaka 17, na mtu atastaajabia kimo chake. Mshangao huo ndio dalili ya ugonjwa. Mtoto mwenye kimo cha ajabu akiwa na miaka 17 alikuwa mrefu pia akiwa na 11. Kila mtu kijijini alimwona, isipokuwa mtu mwenye mpira.

Dawa yake haihitaji shule za michezo za aina ya China, wala kuwapima watoto mifupa. Inahitaji mwalimu mmoja aliyefundishwa misingi, mipira midogo inayolingana na mikono ya watoto, pete iliyoshushwa hadi mita 2.60 kama inavyofanywa katika kikapu cha watoto, na ratiba ya mechi baina ya shule jirani inayorudiwa kila juma. Mechi 20 za kirafiki kati ya shule mbili za mlimani, katika mwaka mmoja, humfundisha mtoto zaidi ya safari moja ya kwenda kutazama timu kubwa.

Hapo ndipo neno kirafiki linaporudi na maana yake ya kwanza. Kwa NBA, mechi ya kirafiki ni njia ya kufungua soko na kumjaribu kinda. Kwa shule ya Upareni, ni mwalimu wa bei nafuu kuliko wote.

Wasichana wasisahaulike

Mjadala wa mashabiki mara nyingi huishia kwa wanaume, lakini kwa China habari kubwa zaidi huenda ni ya wanawake. Timu yao ya taifa ilitwaa nafasi ya pili katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Australia. Na mwaka 2025, katika Kombe la Asia lililochezwa Shenzhen, msichana wa miaka 18, Zhang Ziyu, mwenye urefu unaozidi mita 2.20, aliichezea timu hiyo ya wakubwa na kuwa gumzo la dunia. Wazazi wake nao walikuwa wachezaji.

Kwa Tanzania, wasichana wanaweza kuwa ndiyo njia fupi zaidi. Tayari wanacheza netiboli tangu shule ya msingi, wanajua kudaka, kutoa pasi kwa haraka na kulenga pete ya urefu uleule. Binti wa Same anayefunga mabao ya netiboli akiwa darasa la tano amekwisha kujifunza nusu ya mpira wa kikapu bila kuambiwa. Nusu iliyobaki ni kudundisha na kurusha kwa kutumia ubao, na hiyo ndiyo inayodai sakafu ngumu.

Mashabiki wataendelea kubishana kila Oktoba juu ya nani kati ya Yang na Maluach atadumu, na ni haki yao. Ubishi ni sehemu ya raha ya mchezo. Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa kijana aliyesimama leo kwenye uwanja wa vumbi huko Mwembe au Gonja, mkono juu kuliko wenzake wote, muda wa kukunjwa ni sasa, na hauzidi miaka michache.